Roboti Inavunjika, Inanepa au Inapasuka: Kagua Waya Uliomo Ndani

Roboti ndogo ya udongo ikidondosha mkono, wengi wetu tunatoa hukumu ileile: waya ulikuwa mwembamba. Tunatafuta mnene zaidi, tunarudia kazi yote, na haupiti muda mkono uko chini tena. Mimi mwenyewe nimelirudia kosa hilo hadi nikachoka. Nilipoanza kuyatazama mabaki kabla ya kuyatupa ndipo nikaona kwamba waya uliochomoka mtupu una kosa moja, na waya uliokatika una kosa jingine kabisa.

Mafundi wa ujenzi wanalijua hili zamani. Nondo haisaidii zege kwa unene peke yake. Husaidia kwa sababu zege limeing'ang'ania, ndiyo maana nondo ina miinuko mwilini, na kwa sababu imelazwa upande ule unaovutwa. Waya wa roboti ni nondo ndogo, na karibu kila tatizo lililomo humu linarudi kwenye mambo hayo mawili: umeshikwa vipi, na umekaa wapi.

Kwanza soma mvunjiko

Chukua vipande viwili uvipeleke penye mwanga. Ukiona tundu laini la mviringo na waya umetoka bila chembe ya udongo, shida ni mshiko. Udongo ukiwa umevunjika mahali hasa waya unapoishia, waya ulikuwa mfupi. Waya ukiwa mzima lakini umepinda, na udongo umefunguka upande mmoja, basi waya ni laini mno au umekaa mahali pasipo na kazi. Na ukiwa umekatika, tazama ncha yake: ikiwa na alama ya meno ya koleo, uliujeruhi mwenyewe siku ile unaukunja.

Jambo jingine la kujua mapema ni aina ya udongo wako. Kuna wa polima, unaookwa kwenye oveni. Kuna wa epoksi, unaochanganywa kutoka sehemu mbili na kugumu wenyewe. Na kuna ule wa maji unaokauka kwa hewa. Dawa inayouponya mmoja huweza kuuharibu mwingine, kwa hiyo nitakuwa nautaja kwa jina.

Mkono unazunguka, au unachomoka kama kizibo

Huu ndio ugonjwa mkuu wa roboti. Sanamu ya mtu ina viwiko na magoti yaliyopinda, na kila pindo la waya ni kizuizi. Roboti ina mirija iliyonyooka. Ukipitisha waya wa mviringo ulionyooka katikati ya mrija wa mviringo, umetengeneza ekseli, na ekseli kazi yake ni kuzunguka.

Udongo wa polima haugandi kwenye metali. Hata ukiokwa sawasawa, unaukumbatia waya tu. Wa epoksi hushika metali vizuri zaidi, mradi waya usiwe na mafuta. Waya mpya mara nyingi una utelezi wa kiwandani, kwa hiyo ufute kwa spiriti kabla ya kuanza.

Dawa ya kwanza ni kuondoa ule mviringo. Ncha ya waya ikunje pembe mraba, au igonge kwa nyundo mpaka iwe bapa kama ulimi. Pindo la milimita 4 tu lililofichwa ndani ya ngumi ya roboti linatosha kuuzuia mkono usizunguke. Dawa ya pili ni kuuzungushia waya mnene waya mwingine mwembamba, wa nusu milimita hivi, ukiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Usiubananishe kama springi. Nafasi hizo ndimo udongo unamoingia na kung'ata. Ukizifunga, umepata waya mnene wenye utelezi uleule.

Kwa udongo wa polima, pia upake waya gundi nyeupe ya maji na uiache ikauke kabisa kabla ya kuweka udongo. Ikiwa bado mbichi, maji yake yatageuka mvuke ndani ya oveni na kukuletea malengelenge. Wengine hupaka supaglu kwa kazi hii. Mimi siipendi hapo, kwa sababu supaglu ya kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na oveni inakwenda mbali kupita hapo.

Kama roboti imeshaokwa na mkono tayari unazunguka, huna haja ya kuubomoa. Toboa tundu jembamba begani, ubavuni mwa waya, kiasi cha kuugusa. Chomeka kipande kifupi cha waya chenye gundi ya epoksi, ukate, kisha kichwa chake kipake rangi kiwe kama ribiti. Hii ndiyo raha ya kutengeneza roboti: kiraka chake ni pambo. Ungefanya hivyo kwenye bega la malaika, ungeulizwa.

Mguu unakatika juu ya unyayo

Roboti ikigongwa kichwani, kimo chote cha mwili ni mtaimbo unaokwenda kubonyeza mahali pamoja, kifundoni. Na hapo ndipo wengi tunapoishilizia waya, tukiuchomeka kwenye unyayo kama kigingi. Mahali waya unapokoma, mzigo wote unarudi kwa udongo ghafla.

Usikomeshe waya hapo. Tumia waya mmoja usiokatwa: uanze unyayo wa kushoto, upande mguu, uvuke nyonga, ushuke mguu wa kulia. Kila mwisho uukunje uwe pete bapa iliyolala ndani ya unyayo, pana kiasi unyayo unavyoruhusu. Roboti nyingi zina miguu mikubwa kama viatu vya mzamiaji, kwa hiyo nafasi ipo.

Sasa unene. Ugumu wa waya dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Waya wa milimita 2 ni mgumu mara 16 kuliko wa milimita 1 wa metali ileile, na hata wa milimita 1.5 tayari ni mgumu mara tano hivi. Lakini ukisokota nyaya mbili za milimita 1 pamoja, unapata takriban mara mbili tu. Kwa hiyo kusokota ni dawa ya mshiko, si dawa ya ugumu. Nimeona watu wanasokota nyaya nne nyembamba na kushangaa mguu bado unanepa. Waya mmoja mnene uliozungushiwa mwembamba unakupa yote mawili.

Metali nayo ina neno lake. Kwa unene uleule, chuma ni kigumu mara tatu hivi kuliko alumini, na shaba nyekundu iko katikati. Alumini inakutii mkononi, haina kutu, na kwa roboti ya sentimita 15 yenye kifua chepesi waya wa milimita 2 unaitosha. Kifua kikiwa sanduku kubwa, miguu naipa chuma na kuvumilia ubishi wake, maana ukikikunja kinarudi nyuma; lazima ukipitishe kidogo pembe unayoitaka ndipo kitulie pale pale.

Ukitumia kiini cha waya wa umeme wa nyumbani, kumbuka kwamba namba iliyoandikwa ni eneo la mkato, si kipenyo. Waya wa 1.5 una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, na wa 2.5 una milimita 1.8 hivi. Ubambue kwa kisu. Usiuchome plastiki yake; moshi ule ni mbaya.

Kisha mahali pa kuulaza. Mguu unapopinda, upande mmoja unavutwa, wa pili unabanwa, na katikati hapana kinachoendelea sana. Sisi waya tunauweka wapi? Katikati. Hapo hausaidii kitu mpaka udongo uwe umeshapasuka. Baada ya hapo kazi yake ni kuzuia kipande kisidondoke tu. Bahati nzuri miguu ya roboti mara nyingi ni ya mraba. Laza nyaya mbili sambamba, mmoja karibu na upande wa mbele na mwingine karibu na wa nyuma, zikiwa zimefungwa pamoja kwa waya mwembamba hapa na pale zisihame. Acha milimita 2 au zaidi za udongo juu ya kila mmoja.

Na waya mnene nao una madhara yake. Mguu wa milimita 6 wenye waya wa milimita 3 umebakiwa na ngozi ya milimita 1.5 kila upande. Hiyo si roboti tena, ni waya uliopakwa udongo, na utabanduka.

Inasimama vizuri mezani, inalala ndani ya oveni

Mtu husema waya uliyeyuka. Haukuyeyuka. Udongo wa polima huokwa kati ya nyuzi 110 na 135 kwa aina nyingi, wakati alumini huyeyuka kwenye 660 na shaba nyekundu kwenye 1085. Kilichotokea ni kwamba waya tangu mwanzo haukuwa unabeba roboti. Udongo mbichi ndio uliokuwa unaibeba kwa ukaidi wake, na udongo huo ukipata joto hulegea kwanza kabla ya kukomaa. Ukaidi ukaisha, waya ukabaki peke yake, ukashindwa.

Kuna jaribio linalokuonyesha hili kabla hujapoteza kazi. Kiunzi, yaani mifupa ya waya, kikiwa kitupu, kisimamishe na ukitwishe begani pande la udongo lenye uzito wa kifua na kichwa unavyovikusudia. Kikinepa mezani, kitanepa kwenye oveni. Kikisimama dakika kumi bila kutikisika, endelea.

Kikishindwa, jambo la kwanza si kuongeza waya bali kupunguza mzigo. Kifua cha udongo mtupu hakina faida yoyote. Finyanga karatasi ya alumini ya jikoni iwe sanduku, ikandamize sana, igonge kwa nyundo pande zote mpaka isibonyee kwa kidole, halafu ivalishe udongo wa milimita 4 au 5. Uzito unashuka sana, na udongo unaiva sawasawa kwa kuwa unene wake ni mmoja.

Ikiwa bado una wasiwasi, ioke imelala chali juu ya karatasi laini zilizokunjwa. Vilevile usiiguse ikiwa ya moto. Udongo wa polima ukitoka kwenye oveni huwa bado unanepa kama raba, na roboti nyingi hupinda mkononi mwa mwenyewe akizihamisha kwa haraka.

Weka kipimajoto ndani ya oveni, kwa sababu kitufe cha oveni kinasema lake na joto la ndani linasema lake. Joto likiwa dogo, udongo hubaki mkavu unaovunjika kama biskuti, nawe utaulaumu waya bure. Likizidi, udongo huungua na kutoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo: zima, fungua madirisha, toka nje.

Nyufa

Hapa ndipo aina ya udongo inapoamua kila kitu.

Udongo wa kukauka kwa hewa husinyaa maji yanapotoka, na waya hausinyai. Mmoja anataka kupungua, mwingine amekaza. Ukiona ufa unaokata mkono kwa upana, tena wakati mwingine nyufa kadhaa zilizopangana kama pingili za muwa, udongo ulizuiwa kusinyaa kwa urefu. Ukiona ufa mmoja unaofuata njia ya waya, ngozi ya juu ilikuwa nyembamba na ikajichana ikijaribu kuuzunguka. Kwa udongo huu, ule ushauri wangu wa mshiko unageuka. Hutaki waya ulioshikwa kikatili, unataka ulio na godoro. Uzungushie utepe wa karatasi au uzi wa pamba, weka udongo kwa tabaka nyembamba, acha kila tabaka likauke polepole mbali na jua na feni, na nyufa zizibe kwa uji wa udongo uleule. Bega lizuie lisizunguke kwa pindo la ncha, si kwa kuukwaruza waya mzima.

Udongo wa polima hausinyai kwa kukauka, shida yake ni joto. Waya wa alumini wa sentimita 10 ukitoka nyuzi 20 hadi 130 hurefuka robo milimita. Wa chuma nusu ya hapo. Udongo wenyewe hutanuka zaidi ya metali, kisha ukipoa unarudi na kuubana waya. Chuma na zege vinaishi pamoja kwa amani kwa sababu vinatanuka karibu sawa, bahati ambayo sisi hatuna. Zima oveni, fungua mlango kidogo, acha roboti ipoe humo humo. Wale wanaoitia kwenye maji baridi ili rangi ing'ae wafanye hivyo kwa shanga, si kwa kitu chenye waya.

Uvimbe wa mviringo, badala ya ufa, ni hewa iliyonaswa kati ya karatasi ya alumini na udongo. Kabla ya kuoka, toboa kitundu kwa sindano mahali utakapoweka kitufe au taa.

Udongo wa epoksi hausinyai sana. Ukipasuka, mara nyingi uliukunja mkono wakati udongo umeshaanza kukaza. Pozi liamuliwe kwenye kiunzi kitupu, si baadaye. Na vaa glavu unapoukanda. Ngozi ya baadhi ya watu huuchukia.

Madoa ya kahawia yanatokeza juu ya rangi

Kutu. Ulitumia waya mweusi wa kufungia nondo, au chuma kingine kitupu, ndani ya udongo wenye maji. Kupaka rangi juu hakutasaidia, doa litarudi. Kwa roboti iliyokwisha, ifunike kwa vanishi na uiite ya zamani, inapendeza hivyo. Kwa ijayo tumia alumini, au chuma kilichopakwa zinki, ukikumbuka kwamba ncha ulizokata hazina zinki tena. Zipake rangi ya kucha.

Waya unakatika mkononi kabla hujaweka udongo

Umeuchosha. Kila unapoukunja na kuunyoosha mahali pamoja, metali inakuwa ngumu na kavu zaidi, mpaka inakatika. Amua pozi kwenye karatasi kwanza, chora roboti kwa ukubwa wake halisi, kisha kunja waya juu ya mchoro, mara moja. Koleo lenye meno livalishe mkanda wa kitambaa, kwa sababu kila alama ya jino ni mwanzo wa mkatiko.

Shaba nyekundu iliyokaidi inaweza kulainishwa: ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, itie majini, na itarudi kuwa laini. Fanya hivyo kwa shaba tupu tu. Waya wenye zinki usiutie moto, mvuke wa zinki unaumiza. Na unapokata waya mgumu, ushike upande unaoruka. Kile kipande kidogo kinalipenda jicho.

Kuunyoosha waya uliokunjamana, usiusugue kwa vidole. Bana ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, vuta kidogo na uzungushe polepole. Alumini na shaba hunyooka kama mstari wa rula. Waya mfupi uviringishe mezani chini ya ubao bapa.

Waya unatokeza kiwikoni

Kiwiko kimekunjwa pembe kali, na kona ya waya imesogea kwenye ngozi. Kunja kwa duara dogo kwenye mpini wa bisibisi badala ya ncha ya koleo. Ukitokeza baada ya kuoka, ufanye bomba la mafuta: upake rangi ya fedha, ongeza na wa pili pembeni.

Antena

Usiifunike kwa udongo. Waya mtupu ulioingia kichwani sentimita moja na nusu, wenye pindo chini na tone la gundi juu, unatosha.

Inaanguka kifudifudi ingawa haijavunjika

Kifua na kichwa vimepita mbele ya vidole vya miguu. Waya hauwezi kukusaidia hapo, labda ukiupitisha kwenye unyayo hadi ndani ya kibao cha kusimamia. Bila kibao, zika nati mbili tatu za chuma ndani ya nyayo, kuelekea kisigino.

Imeshavunjika, nifanyeje?

Kama mvunjiko ni msafi, iunge kwa pini ya waya. Weka tone la rangi katikati ya kipande kimoja, bandika cha pili juu yake, na alama itajinakili mahali panapolingana. Toboa pande zote mbili kwa drili ndogo ya mkono, polepole, tundu likizidi waya kwa sehemu ya kumi ya milimita tu. Kwa mkono, kina cha milimita 6 au 7 kila upande kinatosha. Kwa mguu nenda sentimita nzima, na weka pini mbili badala ya moja ili kipande kisizunguke. Kwaruza pini kwa msasa, jaribu bila gundi kwanza, kisha tia gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Kama unahitaji kuongeza udongo wa polima na kuoka tena, oka kabla ya kugundisha, kwa kuwa gundi nyingi za epoksi hulegea kwenye joto hilo.

Drili ikigonga waya wa zamani, usiilazimishe. Hama milimita 2 pembeni utoboe tena, na lile tundu la kwanza ulifunike kwa nati ya urembo.